Tambuu Niliyoipokea Kuala Lumpur

Aini alifika nyumbani kwangu Moseley Jumanne alasiri, katika mvua ya hapa isiyokuwa na haraka, mkoba mgongoni na mfuko wa karatasi ameuficha ndani ya koti usilowe. Nilimtambua kabla hajataja jina. Alikuwa na paji la uso la mama yake, na alisimama mlangoni kama mama yake alivyokuwa akisimama, uzito wote kwenye mguu mmoja ili mwingine upumzike. Mama yake, Rokia, alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo, nyumbani kwao Kuala Lumpur. Aini alikuwa amekuja Uingereza kwa shughuli za kazi, siku kumi tu, na moja ya siku hizo aliitenga kwa ajili yangu. Alivua viatu bila kuambiwa, akaketi, akautoa mfuko ule na kuuweka mezani baina yetu. "Anti Zuhura," akasema, "mama aliagiza nikukabidhi hiki mkononi mwako. Alisema kisitumwe kwa posta." Niliona pembe ya shaba ikichungulia pale karatasi ilipochanika, nikajua ni nini, nikaondoka kwenda jikoni kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ni kijaluba, kisanduku cha shaba cha kuwekea tambuu, ukubwa wake kama boflo moja ya mkate. Nimeosha maiti wengi kwa mikono hii na nina wajukuu wanaonijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili. Sikutarajia kwamba uzeeni nitakimbilia jikoni kwa kuogopa kisanduku. Ili nieleze kwa nini, sina budi nirudi kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mwanafunzi wa unesi katika mji huu wa Birmingham. Nitaeleza polepole. Nimefundisha manesi kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mtu anayeharakisha maelezo aghalabu kuna sehemu hataki kuifikia.

Tuliishi katika bweni la manesi, jengo la matofali mekundu nyuma ya hospitali, watu wawili chumba kimoja. Palikuwa na vitanda viwili vya chuma, kabati ambalo mlango wake haukufunga, sinki pembeni, na jiko la gesi la kupashia chumba joto, lililokuwa likimeza sarafu na kutoa ndimi tatu za moto za rangi ya buluu. Dirisha lilitazama bomba la moshi la dobi la hospitali. Rokia alilala upande wa dirisha kwa sababu alifika wiki moja kabla yangu, wakati bado anaamini kwamba dirisha huleta jua. Yeye alitoka Kuala Lumpur, mimi Mombasa, na tulizungumza Kiingereza cha shule, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyafasiri mwenyewe. Nadhani mama msimamizi wa bweni aliona majina yetu mawili ya Kiislamu akafikiri tumetoka nchi moja. Kosa lake lilitufaa. Tulifunga Ramadhani pamoja, tukafuturu kwa tende za boksi na supu ya kopo. Chakula cha kantini kilikuwa viazi vya kuchemsha na kabichi iliyochemshwa mpaka rangi ikaihama, na nyama ambayo tulimsogezea yeyote aliyekaa karibu. Rokia alikuwa na chupa ya pilipili ya kusaga aliyotumiwa na mama yake. Aliificha nyuma ya vitabu vya anatomia, na tuliigawana kwa ncha ya kijiko kama dawa ya wodini.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kufanya kazi ile, mwanafunzi wa unesi wakati ule alikuwa mfanyakazi kwanza, mwanafunzi baadaye. Tulianza saa moja unusu asubuhi. Tuliinua watu wazito kuliko sisi, tukaosha mabakuli ya choo katika chumba ambacho sakafu yake haikukauka, tukatandika vitanda huku sista wa wodi akizikagua pembe za shuka. Ukionekana umekaa, umekosa. Baada ya hapo ndipo darasani, kwenye mifupa na mishipa. Majira yale ya baridi umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, na tuligawa dawa kwa tochi saa kumi za jioni, giza limeshatanda nje. Vidole vya miguu vya Rokia vilivimba kwa baridi, vikawa vyekundu, vikawasha, vikapasuka. Kila tulipotoka kazini tulijaza beseni moja la bati maji ya moto tukatia chumvi, tukakaa kila mmoja ukingoni mwa kitanda chake, beseni katikati, miguu minne ndani. Hapo ndipo tulipozungumza.

"Zuhura," aliniambia siku moja, "yule bibi wa kitanda cha sita leo amenikataza nisimguse. Ati nimletee nesi mwenye mikono safi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kunawa. Niliporudi akasema bado."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Mimi nikamkumbusha kwamba yeye ndiye wa kwanza darasani, kwamba imebaki miezi kumi tu, kwamba mtihani wa mwisho ni Oktoba na baada yake atavaa mkanda wa nesi aliyefuzu na yule bibi atafyata ulimi. "Vumilia," nikamwambia. "Mwaka mmoja tu." Nilimwambia hivyo siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Kumtia mtu moyo ndiyo ilikuwa tabia yangu tangu nikiwa mdogo, nami nilijivunia tabia hiyo. Rokia alinisikiliza mpaka mwisho, akisugua kidole kwa kidole ndani ya maji, kisha akasema, "Ndiyo, Zuhura. Mwaka mmoja tu," na kuinyanyua miguu yake beseni likiwa bado la moto.

Jumapili tulizopata nafasi tulikwenda Balsall Heath kwa Bi Saumu, mama wa Kizanzibari ambaye mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Nyumba yao ilikuwa nyembamba, imebanwa na nyumba za majirani kulia na kushoto, na ukuta wa jikoni ulikuwa ukitoa jasho. Lakini ukifunguliwa mlango, ulipokewa na harufu ya iliki. Bi Saumu alipika kwa maneno mengi kuliko viungo. "Ingieni, ingieni, funga mlango huo! Mbona mmekonda hivi? Huko hospitalini mnawanywesha wagonjwa damu zenu?" Alimpenda sana Rokia, akimsukumia minofu upande wake wa sinia. Siku moja, Rokia akiwa anaosha vyombo, akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu Mmalei wako ana macho ya mtu anayengoja basi lililokwishapita."

"Amechoka tu, Bi Saumu. Sote tumechoka."

"Wewe hukuchoka," akasema. "Wewe waipenda kazi. Usijilinganishe naye."

Nililichukua neno lile kama sifa. Baada ya chakula alifungua kijaluba chake cha uraibu wa kutafuna: majani ya tambuu aliyoyapata duka la Mpunjabi mtaa wa pili, popoo iliyokatwa, chokaa, katu, punje za iliki. Nilikuwa mlafi wa tambuu, sifichi. Rokia alinitazama nikikunja jani, akauliza, "Na ukipewa siku ambayo huitaki?"

"Tambuu ya mtu hairudishwi," nikamweleza. "Mwenye nyumba akikusogezea, unapokea. Ukikataa, umemwambia nyumba yake haina heshima."

"Hata kama humjui?"

"Asiyekujua ndiye mbaya zaidi kumkatalia."

Akakitazama kile kijaluba cha Bi Saumu kitambo. "Kwetu pia ipo," akasema. "Siku hizi ni ya wazee, na ya shughuli maalumu." Sikuuliza shughuli gani. Bi Saumu alikuwa akinisogezea ya pili.

Mwezi wa Mei tulipata likizo ya wiki nne. Mjomba wake Rokia alimtumia tikiti aende nyumbani akamwone mama yake. Nikamkuta anapakia, na vitu alivyokuwa akivipakia vikanitia wasiwasi: vitabu vyote, chupa ya pilipili iliyobaki robo, hata koti la baridi. "Koti la nini Kuala Lumpur?" nikamuuliza. "Nataka mama aone ninavyovaa huku acheke," akajibu. Nilikuwa na nauli niliyojiwekea ya kwenda Mombasa. Nikaigeuza. Nilimwambia nina hamu ya kuona kwao, na kweli nilikuwa nayo, lakini hasa nilikwenda kama askari anayemsindikiza mtu: nihakikishe amerudi.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa, hewa ilinijia usoni kama mvuke wa sufuria ya wali inapofunuliwa. Baada ya miaka miwili ya Birmingham, nilisimama juu ya ngazi nikalia, mpaka abiria wa nyuma akanisukuma kwa kikapu. Saa ile ya kwanza ya mji sikuona kitu, nilisikia tu. Pikipiki zilipita kwa makundi, nyingine imebeba baba, mama, watoto wawili na kuku. Mabasi yalipiga honi kusalimiana. Muuza tambi aligonga vipande viwili vya mti kuwaambia watu amefika, na kila duka lilikuwa na redio yake, na kila redio wimbo wake. Nilipoweza kutazama, niliona mbao za maduka zimeandikwa kwa herufi za namna nne, mojawapo zile za Kiarabu nilizosomea Kurani, nikasoma kwa sauti bila kufahamu neno hata moja, na Rokia akacheka mpaka dereva wa teksi akageuka. Maduka yalikuwa na baraza ndefu mbele, zimeungana mtaa mzima, kiasi kwamba mtu angeweza kutembea kutwa bila kuguswa na jua, ila tu angelazimika kuwaruka mafundi cherehani, wanyoa ndevu na wazee wanaocheza bao la kwao. Mto wa mji ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Kila alasiri, saa tisa au kumi, mbingu ilipasuka, mitaro mirefu kama mtu ikajaa na kunguruma, na nusu saa baadaye jua likawaka na mji mzima ukafuka moshi.

Asubuhi ya pili mama yake Rokia alitupa kiamshakinywa kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nikafungua: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, pilipili. Nilikaa nimelishika jani lile kama barua. Sokoni nikakuta shokishoki zimepangwa mafungu, nyekundu na nywele zake, na doriani zikinuka mtaa wa tatu kama zinavyonuka kwetu. Lakini nisikudanganye kwamba nilijiona niko nyumbani. Nilichoka. Mji ule ulinichosha kwa namna ambayo kazi haikuwahi kunichosha: joto, kelele, kuangaliwa, kutabasamu bila lugha. Kuvuka barabara kulinishinda kabisa. Rokia alikuwa akinishika mkono na kuingia katikati ya pikipiki bila kutazama kulia wala kushoto, akiendelea na hadithi yake, na zile pikipiki zikatupisha. Kule Birmingham ni mimi niliyekuwa nikimshika mkono yeye. Alibishana bei na wauza samaki, akatukanwa, akatukana, akapewa samaki wa nyongeza. Wiki moja haikwisha, vidole vyake vilikuwa vimepona. Hayo yote niliyaona. Nilimwandikia hata Bi Saumu kurasa sita, pikipiki na mto na kila kitu, na jambo la vidole nikaliweka mwishoni kama habari njema ya kiafya.

Nyumba yao ilikuwa Kampung Baru, mtaa wa nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, katikati ya mji lakini kuku wanapita chini ya sakafu. Mama yake alikuwa mjane, mshonaji, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Ukutani, juu ya cherehani, alikuwa ametundika picha ya Rokia amevaa kofia ya unesi, na kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alipimwa akiitazama picha hiyo. Wiki ya tatu zikaja habari kwamba watu wa mwalimu mmoja wa shule, jirani wa zamani, wanataka kuja kumposa Rokia. Mwalimu alikuwa amehamishiwa shule ya kaskazini kuanzia Agosti, na alitaka kwenda na mke. Maana yake ilikuwa wazi. Posa ikikubaliwa, Oktoba itamkuta Rokia kaskazini, si katika chumba cha mtihani Birmingham, na ile miaka miwili na zaidi ya mabakuli na baridi itakuwa imekwenda bure.

Nikamwomba Rokia anifasirie, nikakaa na mama yake kwenye mkeka. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza hapa: mafunzo ni miaka mitatu, mtihani ni mmoja, asiyeufanya hana cheti, mwenye cheti ana kazi popote duniani. Nikamweleza kwamba mwalimu mwema anaweza kungoja mwaka. Rokia alifasiri neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesomea sista joto la mgonjwa. Mama alitikisa kichwa kukubali, akaitazama picha ukutani, akajibu kwa kirefu. "Anasema amekuelewa," Rokia akafasiri. "Anasema yeye pia anataka nimalize. Watapokelewa vizuri, halafu wataambiwa wangoje." Nilimshika mama yule mikono miwili. Tulikuwa watu wawili wenye furaha juu ya mkeka ule, nikamgeukia Rokia ili tuwe watatu, na yeye akainuka kwenda kutazama chungu.

Wageni walikuja Ijumaa baada ya sala. Asubuhi yake Rokia alinivisha nguo zake, gauni refu la hariri na sketi yake, akanirekebisha ushungi mbele ya kioo. "Kaa ubavuni mwa mama, upande wa kulia," akasema. "Usiondoke hapo. Na wakikusogezea kitu, pokea."

"Mimi tena wa kufundishwa adabu?" nikamtania.

Akanitazama kwenye kioo muda mrefu kidogo kuliko mzaha ulivyostahili. Kisha akaingia chumba cha ndani na kushusha pazia, maana msichana anayeposwa hakai na wageni.

Walikuwa wanawake watano na wanaume wawili. Bibi mmoja mnene, shangazi wa mwalimu, aliweka mbele yetu kijaluba cha shaba kilichosuguliwa kama dhahabu, akakifungua, akasema maneno ya mafumbo yaliyowachekesha wote. Ndani yake majani ya tambuu yalikuwa mabichi, yamepangwa kama kurasa, na vikombe vidogo vya popoo na chokaa. Miezi mitatu sikuwa nimetafuna. Mama yake Rokia, mikono mapajani, alianza kusema sentensi ndefu, laini, ambayo leo najua ilikuwa mwanzo wa kuomba radhi. Shangazi yule, akimsikiliza, alikisogeza kijaluba kidogo kuelekea upande wetu. Nami nilikuwa kulia, kikanifikia mimi. Nikanyoosha mkono. Nikachukua jani, nikapaka chokaa, nikatia popoo, nikakunja kama alivyonifundisha Bi Saumu, nikatia mdomoni, nikainamisha kichwa kwa shukrani.

Mama yule alinyamaza katikati ya sentensi. Shangazi akajipiga paja, akacheka, akasema alhamdulillahi, na wote wakaitikia. Nikadhani wamefurahi kuona mgeni wa mbali anayejua kutafuna. Nikawatabasamia kila mmoja, meno mekundu. Nilipomgeukia mama yake Rokia, nilimwona ananitazama kama mtu anayeona maziwa yanafurika na mikono yake yote imeshika vitu. Hakuwa na hasira. Akanyoosha mkono polepole, naye akachukua jani, kwa sababu kuniacha nitafune peke yangu kungeniaibisha mimi na kuwatukana wageni. Msichana aliyekuja nao, aliyejua Kiingereza, akaniinamia sikioni: "Dada, umejibu kwa niaba ya nyumba." Na akanieleza. Kwa desturi ya mtaa wao, kile kijaluba ndicho swali lenyewe. Nyumba inayokubali hupokea tambuu. Isiyokubali hukiacha hivyo hivyo, husema maneno mazuri, na kijaluba hurudi kilikotoka bila mtu yeyote kutamka hapana. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama, katika nguo za binti yake.

Nilikimbilia chumba cha ndani, tambuu bado shavuni. Rokia alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja chini yake. "Nimeharibu," nikamwambia. "Nitatoka niwaambie sikujua."

Akanishika kifundo cha mkono. "Usitoke. Utamwaibisha mama."

"Na mtihani?"

"Kaa, Zuhura." Akanifuta midomo kwa pindo la kitambaa chake. Nililia mimi, yeye hakulia.

Nilirudi Birmingham peke yangu. Bi Saumu aliponisikiliza alisema, "Ati umetafuna posa ya mwenzio?" akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauona uso wangu, akaacha. Kitanda cha upande wa dirisha kilibaki kitupu hadi Septemba. Jioni nilijaza beseni kwa mazoea, maji ya miguu minne, nikatia miwili. Oktoba nikafaulu. Nilimwandikia Rokia barua tatu za kuomba radhi, na kila mara alinijibu kuhusu mvua, shule ya mumewe, na baadaye watoto. Habari ya kijaluba hakuigusa. Kadi za Idd zilikuja kila mwaka. Sikwenda tena Kuala Lumpur, kwa kuyaogopa macho ya mama yake, na mama naye akafariki. Nikawa mwalimu wa manesi. Kila mwanafunzi aliyeniletea barua ya kuacha mafunzo nilipigana naye mpaka aichane, kwa kuwa niliona ninawadai... la, niliona ulimwengu unanidai nesi mmoja. Niliwaambia wote neno lile lile: vumilia. Wengi walinishukuru baadaye. Wengine sikuwasikia tena, na sikuwatafuta kuwauliza.

Niliporudi sebuleni na chai, Aini alikuwa amekwisha kuitoa karatasi. Kijaluba kilikuwa kimesuguliwa, vikombe vitupu. "Mama alikuwa akitusimulia kila Idd," akasema.

"Nilivyomharibia?"

Akaonekana hakuelewa. "Alivyokupanga," akasema. "Anti, wewe hukujua? Alisema alikuketisha kulia kwa mama yake kwa sababu shangazi yake baba husogeza kijaluba kulia. Alisema mtu mmoja tu duniani asingeweza kukataa tambuu ya mgeni, naye alikuwa analala naye chumba kimoja."

Nikaweka sinia chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema tu. Angesema hataki kurudi, nani angemfunga kamba?

"Nilimuuliza hivyo hivyo," Aini akajibu. "Alisema walikuwa watu wawili wa kuambiwa, bibi yangu na wewe. Alisema, 'Ningewaambia nimechoka, wangenitia moyo.'" Akakizungusha kikombe cha chokaa kwa kidole. "Alianza kukuandikia mara nyingi. Aliona haya. Mwishoni akasema nikilete mwenyewe, na nikwambie aliishi vizuri."

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilizifikiria zile barua tatu, na macho ya mama yule niliyoyabeba miaka yote hii, na hata nikataka kukirudisha kijaluba kwenye mfuko wake. Aini alikuwa ameinuka, akasimama dirishani kutazama mvua, mguu mmoja umebeba, mwingine umepumzika juu ya mwenzake. Simu yake ilitetemeka mezani, akaisoma, akaifunika. Tangu asubuhi alikuwa kwenye treni, na kesho alikuwa na mkutano Leeds, na keshokutwa mwingine. Miezi minne tu nyuma alikuwa amezika mama. "Uko salama, mwanangu?" nikamuuliza. "Niko salama, Anti, zimebaki siku tatu tu," akasema. Na ulimi wangu ulikuwa tayari. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikalimeza. "Umechoka?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo kusema hapana. Sikumsaidia. Nilikaa kimya, jambo ambalo sikuwahi kulifanya vizuri, nikasikiliza mvua kwenye dirisha.

"Sana," akasema, akakaa chini palepale kwenye zulia.

Nikaenda kutafuta beseni na chumvi.